Watani wa Magongo Waliogeuzwa Mahasimu

Lugha yetu ina utajiri wa maneno ya kuwaita watu wanaoshindana, na kurasa za michezo ndizo ghala lake. Ng'ambo ya mpaka, Simba na Yanga za Dar es Salaam huitwa watani wa jadi. Hapa kwetu Gor Mahia na AFC Leopards wamebandikwa jina la mashemeji. Lakini waandishi hao hao wanapofika kwenye habari za India na Pakistan, kalamu huwateleza hadi kwenye neno la tatu: mahasimu. Kwa msomaji mwenye haraka, maneno hayo matatu ni visawe. Kwa mwanaisimu ambaye pia ni shabiki wa mpira wa magongo, umbali uliopo baina ya mtani na hasimu ni kama ule uliopo baina ya harusi na vita.

(Msomaji wa Tanzania asishtuke. Gongo ninalolitaja hapa ni fimbo iliyopinda ncha, wala si kile kinywaji haramu ambacho kwao hubeba jina hilo.)

Nimelitafakari suala hili tangu Agosti na Septemba 2025, Kombe la Asia la magongo lilipochezewa Rajgir, katika jimbo la Bihar nchini India, bila ya Pakistan kuwapo. Mwezi Mei wa mwaka huo majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa yameshambuliana, na Pakistan ikasema kwamba usalama wa wachezaji wake haungeweza kuhakikishwa. Bangladesh ikaitwa kuziba pengo. India ikalitwaa kombe kwa kuilaza Korea Kusini 4-1 katika fainali. Mashabiki walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mtu aliyeufuata mchezo huu kwa miaka mingi alikuwa na haki pia ya kuuliza: je, ni Kombe la Asia la namna gani hilo?

Utani, ndugu msomaji, ni asasi wala si mzaha tu. Wataalamu wa mila wameeleza kwamba mara nyingi ulizaliwa baina ya jamii zilizowahi kupigana, au zilizokutana katika njia za biashara, kisha zikatafuta namna ya kuishi pamoja bila ya kumwaga damu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, akakunyang'anya kuku, akacheka kwenye msiba wako. Lakini ni mtani huyo huyo atakayeshika jembe kaburini. Hasimu hana wajibu wowote kwako. Mtani anao, na kubwa zaidi ni wajibu wa kufika.

Kwa kipimo hicho, India na Pakistan katika magongo ni watani wa toka nitoke. Kabla ya Agosti 1947 walikuwa timu moja. Timu hiyo ndiyo iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki Amsterdam mwaka 1928, Los Angeles mwaka 1932 ambako Marekani ilichapwa 24-1, na Berlin mwaka 1936 ambako wenyeji Wajerumani walinyukwa 8-1 katika fainali. Katika kikosi cha Berlin alikuwamo Ali Iqtidar Shah Dara. Miaka kumi na miwili baadaye, London, Dara alikuwa nahodha wa Pakistan. Latif-ur-Rehman na Akhtar Hussain nao walivaa medali ya dhahabu ya India mwaka huo huo wa 1948, kisha mwaka 1956 wakavaa ya fedha wakiwa upande wa Pakistan, baada ya kufungwa fainali na India ile ile. Nashindwa kupata neno moja la Kiswahili la kumwita mtu wa aina hiyo. Msaliti? La hasha. Nchi ndiyo iliyosogezwa chini ya miguu yake.

Nasi huku pwani ya Afrika Mashariki tuliuona mkasa huo kwa karibu kuliko wengi wanavyokumbuka. Mnamo Desemba 1947, miezi minne tu baada ya Bara Hindi kugawanywa, kikosi cha India kilishuka Mombasa kwa ziara iliyoandaliwa na wanamichezo wenye asili ya Kiasia wa eneo hili. Kiongozi wa msafara alikuwa Dhyan Chand, ambaye wengi wamemkubali kuwa fundi mkuu kuliko wote waliowahi kushika gongo. Umri wake ulikuwa umepita miaka arubaini, na bado akatia mabao 61 katika mechi 22. Hebu fikiri kidogo juu ya watazamaji wale. Miongoni mwa Wapunjabi wa Kenya walikuwapo wale ambao vijiji vya wazee wao vilikuwa vimeangukia India, na wale ambao vyao vilikuwa vimeangukia Pakistan. Ziara ile ilikuja wakati watu wa Punjab wangali wakizika maiti zao.

Baada ya hapo zikafuata fainali tatu za Olimpiki ambazo kila shabiki huzitaja kama mtoto anayekariri hesabu. Melbourne 1956, India 1, Pakistan 0. Roma 1960, Pakistan 1, India 0. Bao la Naseer Ahmad likakomesha utawala wa India uliodumu tangu 1928. Tokyo 1964, India 1, Pakistan 0, mfungaji Mohinder Lal. Fainali tatu, mabao matatu. Timu mbili zinazojuana kiasi hicho hazihitaji mwandishi wa kuzichochea.

Sasa niingie kwenye zogo, kwa kuwa mashabiki hupenda zogo na mimi ni mmoja wao.

Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha Munich 1972, na cha ajabu ni kwamba hakikuihusu India hata kidogo. Pakistan ilifungwa 1-0 na Ujerumani Magharibi katika fainali, kwa bao la Michael Krause. Wapakistani waliamini kwamba waamuzi wamewadhulumu. Wakamvamia kwa maji René Frank, Mbelgiji aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa, na katika kutuzwa medali wakazionyesha dharau mbele ya dunia nzima. Wachezaji kumi na mmoja wakafungiwa maisha kushiriki Olimpiki, adhabu ambayo baadaye iliondolewa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sioni namna ya kuwatetea vijana wale. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wasomaji walio tayari kuniandikia wakitaja kila kosa la waamuzi siku ile.

Kisa cha pili nakipenda zaidi kwa sababu hakina jibu. Ni fainali ya Kombe la Dunia, Kuala Lumpur, mwaka 1975, India na Pakistan. Matokeo ni 1-1. Ashok Kumar, mwana wa Dhyan Chand yule yule wa Mombasa, anapiga mpira unaogonga mwimo wa lango kwa ndani na kurudi uwanjani. Je, uliuvuka mstari? Mwamuzi wa Malaysia, Vijayanathan, akasema umevuka. Pakistan ikalalamika, bao likasimama, India ikashinda 2-1 na kulitwaa Kombe la Dunia kwa mara yake ya kwanza, na mpaka leo ya pekee. Pakistan imelitwaa mara nne: 1971, 1978, 1982 na 1994. Ukikutana na wazee wawili wa mchezo huu, mmoja wa Lahore na mwingine wa Delhi, waulize kuhusu mwimo ule kisha uagize chai, kwa maana hutaondoka mapema. Huo ndio utani wenyewe: ubishi usiokwisha, unaowafanya wabishi wawe na hamu ya kuonana tena.

Cha Delhi 1982 ni kibaya, nacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Ilikuwa fainali ya Michezo ya Asia. Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa miongoni mwa watazamaji. India ilitangulia kufunga. Kisha Pakistan ikatia bao baada ya bao hadi yakafika saba. 7-1, nyumbani, mbele ya mtani. Mtu mwenye akili timamu angesema kwamba safu ya ulinzi ilivunjika, kwamba Pakistan ya mwaka ule ilikuwa moja ya timu kali kuliko zote katika historia ya mchezo huu, kwamba mlinda lango aliachwa peke yake kama kuku uwanjani kipanga anapozunguka. Lakini hasira ikatafuta jina la mtu, na jina lililopatikana ni la mlinda lango huyo, Mir Ranjan Negi. Ikasemwa kwamba ameuza mechi. Ikasemwa kwamba amehongwa na adui. Shutuma hizo hazikuthibitishwa kamwe, lakini uchezaji wake katika timu ya taifa ulifikia kikomo pale, naye akaishi miaka mingi na alama ya usaliti kwenye paji la uso.

Angalia jinsi maneno yanavyofanya kazi. Mlinda lango akifungwa mabao saba na Australia, huitwa dhaifu, mzembe, mzee. Akifungwa saba na mtani aliyebatizwa jina la hasimu, huitwa msaliti. Kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni jina tulilompa yule wa upande wa pili kabla ya kipenga kupulizwa. Wanafunzi wangu hunilaumu kwamba naona isimu kila mahali. Basi na waniambie ni wapi pengine ambapo nomino moja imemtoa mtu kazini.

Negi alirudi baadaye. Aliwafunza walinda lango, na alikuwa katika jopo la makocha lililoiandaa timu ya wanawake ya India iliyonyakua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Manchester, mwaka 2002. Mwaka 2007 sinema ya Chak De! India, iliyopata mvuto kutokana na masaibu yake, ilitazamwa na umati mkubwa, na naamini wanafunzi wengi wa Kenya wameiona, kwa kuwa sinema za Kihindi hatuziachi. Lakini zingatia badiliko moja. Negi ni Mhindu. Katika sinema, mchezaji anayeshutumiwa kuiuzia Pakistan mechi, anayeigizwa na Shah Rukh Khan, ni Mwislamu aitwaye Kabir Khan. Waandishi wa sinema walijua walichokuwa wakikifanya: walilihamisha jina la msaliti hadi mahali ambapo jamii huliweka kwa wepesi zaidi, ili mtazamaji aone haya. Neno hasimu likishapewa nafasi nje ya mpaka, halikawii kuingia ndani na kumtafuta jirani.

Hapo ndipo ninapoifikiria Kenya ya mwaka 1971.

Kombe la kwanza la Dunia la magongo lilikuwa lichezewe Pakistan. Halikuwezekana. Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, ilikuwa ikiwaka moto, na kulikuwa na upinzani mkali dhidi ya timu ya India kukanyaga Lahore. Mashindano yakahamishiwa Barcelona, mwezi Oktoba. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Uhispania kwa bao moja tu. India nayo ikafungwa na Pakistan 2-1. Hivyo Kenya na India zikakutana kuwania nafasi ya tatu, na India ikashinda 2-1 baada ya muda wa ziada. Nafasi ya nne duniani! Mwalimu atakayewauliza wanafunzi wake ni lini Kenya ilikuwa ya nne duniani katika mchezo wa timu, sijui ni wangapi watakaoinua mkono.

Timu hiyo ya Kenya ilijaa Masingasinga na Wagoa. Nguzo yake ya ulinzi kwa miaka mingi alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyeshiriki Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, na ambaye alikuwa nahodha wetu Tokyo, Mexico na Munich. Walilelewa katika vilabu kama Sikh Union na katika shule za Nairobi zilizotengwa kwa misingi ya rangi enzi za ukoloni. Ile iliyoitwa Duke of Gloucester, ambayo sasa ni Jamhuri, na ile ya Wagoa ya Dr. Ribeiro. Katika mchuano ule wa Barcelona, nywele zilizofungwa utosini kwa kitambaa zilikuwa pande zote mbili za uwanja. Wachezaji wetu walikuwa na majina ya India, dini za India, baadhi yao mashangazi na wajomba huko India, nao wakawatoa jasho Wahindi hadi muda wa ziada kwa ajili ya bendera yenye ngao na mikuki. Kwa mantiki iliyomhukumu Negi, kila mmoja wao angeshukiwa.

Nasema hayo nikifahamu kwamba nchi hii haikuwa peponi. Mwishoni mwa miaka ya sitini sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Waasia wengi wafunge virago kwenda Uingereza, na waliokwenda walibeba magongo yao. Ongeza Kenya kususia Olimpiki za 1976 na 1980. Tulirejea Los Angeles 1984, tukaenda Seoul 1988 baada ya kutwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Nairobi mwaka 1987, na tangu hapo timu yetu ya magongo haijaonekana tena katika Olimpiki.

Yupo atakayesema kwamba nimeiruka sababu kubwa kuliko zote, nayo ni zulia. Kweli, mwaka 1976 huko Montreal magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. India, mabingwa wa dunia, wakamaliza wa saba. Zulia ni ghali, linamwagiliwa maji mengi kabla ya mechi, na mpira hukimbia juu yake kwa kasi ambayo mtoto aliyejifunzia kwenye nyasi za kawaida hajaizoea. Mashabiki wa Bara Hindi wanaamini kwamba mchezo wao uliporwa na mataifa tajiri, na sehemu ya malalamiko hayo ni ya haki. Vijana wa Kamusinga na wa St. Anthony's Kitale wanaijua tofauti hiyo kila wanapotoka kwenye nyasi za shule na kukanyaga City Park. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Pakistan ilitwaa dhahabu ya 1984 na Kombe la Dunia la 1994 juu ya zulia hilo hilo. Baadaye ikaanguka. Ilikosa Olimpiki za 2016, za Tokyo na za Paris, moja baada ya nyingine.

Na katika miaka hiyo hiyo mtani wake alikuwa akifufuka. India ilipata shaba Tokyo mwaka 2021, na nyingine Paris mwaka 2024. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 iliifunga Pakistan 10-2. Nilitarajia kufurahi, maana nimekuwa mshabiki wa mtindo wa India tangu utotoni. Sikufurahi. Mabao kumi dhidi ya mtani mgonjwa yana ladha ya chai iliyolala.

Ni nani aliyemuugua zaidi mwenzake? Desemba 2014, huko Bhubaneswar, Pakistan iliwatoa wenyeji India 4-3 katika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa. Baadhi ya wachezaji wakavua fulana na kuwafanyia watazamaji ishara za matusi. Wawili wakazuiwa kucheza fainali, ambayo Pakistan iliipoteza 2-0 kwa Ujerumani. Lilikuwa kosa, na adhabu ilistahili. Lakini tangu wakati huo kila kosa limekuwa sababu ya kufunga mlango. Mwaka 2016 Kombe la Dunia la Vijana lilichezewa Lucknow bila ya Pakistan. Yenyewe ilisema ilinyimwa viza, Shirikisho likasema ilichelewa kutimiza masharti. Kisha ikaja Rajgir. Ndugu wakigombana, Waswahili walisema, chukua jembe ukalime. Wanasiasa wa Delhi na Islamabad hawana habari na jembe; wao wamegundua kwamba ugomvi wenyewe ndio shamba.

Wanafunzi wanaojiandaa kuandika insha za michezo wataniuliza kama ninataka waache kusema timu "imeangamizwa" au "imezikwa". Hapana. Msamiati huo ni chumvi ya ukurasa wa michezo, na mtani hutukanwa. Ninalowaomba walimu ni dogo: mwanafunzi akiandika hasimu, mwulize kama alikuwa na maana ya mtani, kisha mwache ajieleze.

Septemba 2025, siku chache baada ya Rajgir, wachezaji wa kriketi wa India walikataa kuwapa mkono wenzao wa Pakistan mjini Dubai, na picha hiyo ikazunguka dunia. Mwezi uliofuata, katika Kombe la Sultani wa Johor nchini Malaysia, vijana wa magongo wa nchi hizo mbili walipangwa kukutana. Watu walisubiri waone watakavyofanya. Kabla ya mchezo walipita kwa mstari, upande huu na upande ule, wakagonganisha viganja. Halafu wakacheza, wakafungana mabao 3-3.